Kalkuleta ya hesabu za x: ipi ununue, ipi uiache dukani

Malalamiko ya wazazi yanafanana: mtoto kapanga mlinganyo sawasawa, jibu limetoka la ajabu. Kabla hujamgombeza, ijaribu kalkuleta yake. Bonyeza 5000 + 3 × 300 =, yaani samaki wa shilingi 5,000 na maboflo matatu ya shilingi 300. Jibu ni 5,900. Kalkuleta ya mezani, ile ya vifungo vikubwa iliyojaa madukani, aghlabu itakupa 1,500,900, maana inajumlisha kwanza ipate 5,003, ndipo inazidisha. Haijui kwamba kuzidisha kunatangulia. Kwa kujumlisha mauzo inafaa. Kwa mwanafunzi wa aljebra usiinunue, hata wakikupa kwa bei ya kutupa.

Ninayoipenda kuliko zote ni Casio fx-991ES PLUS. Chukua fumbo hili: machungwa 3 na nazi 2 ni shilingi 3,100, machungwa 5 na nazi 1 ni shilingi 2,600. Chungwa ni x, nazi ni y, basi:

3x + 2y = 3100
5x + y = 2600

Bonyeza MODE, 5, kisha 1. Jaza 3, 2, 3100, halafu 5, 1, 2600, na kila namba ifuate alama ya =. Ukibonyeza = tena inatoka x = 300, na ukiirudia, y = 1100. Jibu likija kwa sehemu, kama 7/2, kifungo cha S⇔D kinaligeuza kuwa 3.5. Kupanga milinganyo yenyewe kunabaki kazi ya mtoto.

Hata hiyo ina mtego wake. Ukiandika 24÷2(3+1) inakupa 3, kwa sababu 2(3+1) inaichukua kama kitu kimoja. Kalkuleta nyengine zinakupa 48. Mfundishe mtoto kuzungushia mabano kigawanyo chote: 24÷(2×(3+1)).

Ya pili ni fx-991MS. Nayo inatatua x na y, lakini inakuonesha namba moja moja, kwa hivyo alama ya kutoa ikisahauliwa huioni. Ya tatu, fx-82MS: haitatui milinganyo yenyewe, ila inafuata utaratibu wa kuzidisha kwanza, na kwa 7x + 2000 = 9700, ambayo mtoto anaipanga mwenyewe hatua kwa hatua, inatosha.

Wauzaji sasa. Kalkuleta imefungwa nailoni, ukiomba kuijaribu unanuniwa, na ukiuliza tofauti unajibiwa "zote za sayansi hizo." Si kweli, na mzazi anatoa pesa ya nguvu zake! Bei nazo kila duka na lake, kwa chombo kile kile. Tena zipo zenye majina yanayofanana na Casio ukitazama haraka haraka. Soma herufi moja moja.

Muulize kwanza mwalimu wa skuli kama mtihani wa mtoto wako unaruhusu kalkuleta, na ya aina gani. Kisha dukani, kabla hujatoa pesa, omba ifunguliwe, ubonyeze ile hesabu ya maboflo. Isipokuja 5,900, mrejeshee.