Kalkuleta yenye FACT, walimu wa hesabu someni hapa kabla hamjanunua

Naitumia na S.3 wangu (mwaka wa tatu wa sekondari) hapa Jinja, Uganda, na nasema wazi, kama unafundisha namba tasa (zile zinazogawanyika kwa 1 na zenyewe tu) au unapenda tu namba kubwa kubwa, tafuta kalkuleta ya sayansi yenye neno FACT limeandikwa juu ya kitufe, ndiyo inayovunja namba kuwa namba tasa zinazozidishana, nyingi za bei ya chini hazina, mwambie mwenye duka akuwashie ujaribu kwanza ndio utoe pesa. Sin, cos na wenzake ni vilevile kwa zote, sizisemi.

Unaandika namba, unabonyeza =, halafu SHIFT na FACT, inakuvunjia namba yoyote nzima ya hadi tarakimu 10. Tuliweka 241,038, zile kilomita za mraba zinazoandikwa sana kama eneo la Uganda, ikatoa 2×3²×7×1913. Darasa likachangamka, maana ukishaona hivyo mengine yanakuja yenyewe: vigawo vyote ni 24, na ukijumlisha vile vilivyo vidogo kuliko namba yenyewe unapata 356,130, inazidi kabisa, ndio zinaitwa namba za ziada. Sasa weka 33550336, inatoa 2¹²×8191, na hii vigawo vyake bila yenyewe vinajumlika kurudi palepale 33550336. Namba kamilifu hizo, na kabla ya hii ziko nne tu: 6, 28, 496 na 8128, basi!

Sasa mabano, hapa wengi wanapotea jamani. Mashine inajaribu namba tasa mpaka tarakimu 3, yaani mwisho 997, ikibaki namba kubwa ambayo haina uhakika nayo inaifunga kwa mabano. Weka 2147483647 inakurudishia hiyohiyo ndani ya mabano, na kweli ni tasa, mwanahisabati Euler alithibitisha mwaka 1772 kwa kalamu tu. Lakini weka 1018081, nayo inakaa kwenye mabano, kumbe ni 1009×1009. Kwa hiyo mwanafunzi akikwambia "mwalimu, mabano maana yake tasa" msimamishe hapohapo, kazi iliyobaki ni yake.

Na ndipo nilipoipenda. Weka 4294967297, ndiyo 2³²+1, mwanahisabati Fermat aliamini ni tasa, Euler mwaka 1732 akaonyesha 641 inaigawanya. Kalkuleta inatoa 641×(6700417). Je hiyo 6700417 ni tasa? Kigawo tasa chochote cha hii namba, ukitoa 1, lazima kigawanyike kwa 128, na huna haja ya kupita 2588 (ndipo kilipo kipeo cha pili cha 6700417), na chini ya 1000 mashine imeshamaliza, kwa hiyo zimebaki mbili tu za kujaribu, 1153 na 1409. Ya kwanza inabakiza 334, ya pili 622. Tasa! Wanafunzi waligawanya wenyewe kwenye daftari na walipiga kelele mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia.

Ikizidi tarakimu 10 inakataa, hapo tafuta kompyuta. Nyota nne kwa tano.