Walinidai altaneta ya gari lisilo na altaneta

Bado nina hasira, nisameheni. Gereji siitaji jina, ila ni hapa hapa Moshi. Kama una haibridi, gari la petroli na umeme pamoja, usiwaruhusu hata wafungue boneti.

Toyota Aqua yangu iligoma asubuhi moja nikiwa soko la Mbuyuni, buti imejaa ndizi za mteja. Nabonyeza kitufe, taa za dashibodi zinafifia, ile READY ya kusema gari liko tayari haitokei. Nikawapigia. Wakaja vijana watatu, kauli yao ya kwanza: tuisukume. Kusukuma haibridi ili iwake! Wamesukuma mpaka jasho linawatoka, bodaboda wanacheka, mimi nimeshika usukani nimejaa aibu. Mwisho wakaivuta mpaka gereji.

Baadaye mkubwa wao akaja na karatasi: stata imekufa, altaneta imekufa, laki nne na nusu. Nikamwambia, "Fundi, naomba unionyeshe hiyo altaneta." Akanitazama juu mpaka chini. "Mama, wewe unajua kupika, mimi najua magari. Tuheshimiane." Mbele ya wateja!

Gari hilo halina altaneta. Stata nayo haina. Ubavuni mwa injini kuna jenereta moja inayobeba kazi zote mbili: ndiyo inayozungusha injini mpaka iwake, na injini ikishawaka, inazalisha umeme. Mota ya pili inaendesha matairi, na hata rivasi ni mota hiyo hiyo inazunguka kinyume, gia ya rivasi haimo. Vyote vimo kwenye kasha moja, pale ambapo gari la kawaida lina giaboksi, ndiyo maana injini ya cc 1500 imeenea kwenye boneti fupi vile. Shemeji yangu ana Nissan Note e-Power, haibridi ya aina nyingine, kwake injini haigusi matairi kabisa, inazungusha jenereta tu. Mimi muuza ndizi nayajua haya kwa sababu pesa ya gari niliitolea jasho. Yeye ameweka bango la "mafundi wa haibridi" nje, hajui?

Nikaliondoa gari kwa kuvutwa tena. Kijana mmoja fundi umeme akafungua siti ya nyuma, akagusisha mita kwenye betri ndogo ya volti 12. Tisa na kitu. Akanieleza taratibu, "Dada, hii imechoka. Kompyuta haiamki, na isipoamka, jenereta haiwezi kuwasha injini." Akafunga mpya, READY ikatokea palepale. Kisha akanionyesha tundu la hewa ya kupozea betri kubwa: vumbi limeganda kama pamba kuukuu. Akalisafisha kwa brashi bila kunidai hata mia, akanionya zile nyaya za rangi ya chungwa asizishike mtu asiyesomea, umeme wake unaua.

Siku ile niliapa nauza, dalali nilishampigia. Siuzi tena. Ila kununua haibridi huku kwetu simshauri mtu, bila fundi ni mateso. Hapana, nafuta hilo. Gari halina kosa, linapanda Marangu limejaa mzigo na mafuta linanusa tu. Nunua, lakini mtafute fundi kabla ya gari.

Elfu hamsini yangu ya "ukaguzi" bado wanayo wale wa gereji. Nikipiga, bosi hayupo. Kesho naifuata mwenyewe.