Ry Cooder laivu San Francisco: bosi anayepiga kama mtu wa kukodiwa

Kama umemjua Ry Cooder, mpiga gitaa wa Marekani, kupitia albamu ya Talking Timbuktu, ile aliyopiga na Ali Farka Touré wa Mali mwaka 1994, afu ukaja kwenye hii albamu yake ya laivu, Live in San Francisco, ukitegemea gitaa mwanzo mwisho, jipange. Gitaa lipo, tena lipo sana, ila mzee halitangulizi mbele, muda mwingi anawapisha wenzake waimbe yeye anajaza tu pale palipobaki wazi, anavaa kile kichupa kidoleni anateresha kwenye nyuzi, noti mbili tatu, basi kanyamaza.

Mi naona ni tabia ya studio hiyo. Jamaa akiwa na miaka ishirini tu alikuwa anapiga kwenye rekodi za wanamuziki wengine wa roki, Captain Beefheart 1967, bendi ya Rolling Stones miaka miwili baadaye, na mtu aliyelelewa hivyo anajua kazi yake ni kufanya wimbo wa mwenzio usikike vizuri. Hapa ye ndo bosi na bado anafanya vilevile! Wapenzi wa solo ndefu watalalamika, mi sina shida.

Shoo ilirekodiwa 2011 Great American Music Hall, albamu ikatoka 2013, na ukumbi ni uleule aliorekodi sehemu kubwa ya Show Time, albamu yake ya laivu ya zamani, mwaka 1976. Flaco Jiménez wa akodioni alikuwepo zote mbili, Terry Evans wa sauti vilevile, na wote wawili sasa ni marehemu kwa hiyo ukisikiliza leo inakugusa kivingine. Bendi yenyewe nusu ni ukoo, dramu anapiga mwanae Joachim, mkwewe Juliette Commagere anaimba, besi anashika kaka wa huyo mkwe hahaha.

Juu ya hao weka La Banda Juvenil, matarumbeta ya Kimeksiko kundi zima, na hapo kwenye wimbo wa Volver Volver dada Juliette anaimba kwa uchungu matarumbeta yanamjibu nyuma, ukumbi mzima unapiga kelele, yaani kama hujui Kihispania hata neno moja bado utajua kuna mtu kaachwa. Usisikilizie spika ya simu tafadhali, matarumbeta yote yanageuka honi ya bodaboda.

Ila wimbo wangu ni El Corrido de Jesse James, ametunga mwenyewe. Jambazi Jesse James yuko mbinguni, anasikia mabenki ya Marekani yalivyokula hela za watu, anaomba arudishiwe bastola yake ashuke akawanyang'anye. Ulikuwa mpya kabisa wakati ule, watu bado wana machungu ya mabenki kuporomoka 2008, na mzee anauimba kwa utani mkavu bila kupandisha sauti. Sauti yake kiukweli sio kali, inakwaruza, lakini kwa hadithi kama hii mwimbaji mwenye sauti tamu angeiharibu.

Sasa lawama. Nyimbo nne nzima zilishakuwepo kwenye Show Time, Do Re Mi, School Is Out, Dark End of the Street na hiyohiyo Volver Volver, wakati mzee tangu 2005 alikuwa anatoa nyimbo zake mpya mfululizo. Angetupa mbili tatu zaidi za kwake. Nyota nne kwa tano, nunua tu, ila anza na wimbo wa Jesse James.