Kitalu cha maua Ilazo: ukitaka airisi, mzee huyu atakwambia ukweli

Kwa mpenda maua anayeishi Dodoma, kitalu kidogo cha mzee mmoja pale Ilazo nakipa nyota nne kati ya tano, na tatu kati ya hizo ni za ushauri wake.

Nilikwenda kutafuta airisi ya Siberia, ile ya maua ya buluu na zambarau iliyokolea, yenye majani membamba kama ya mpunga. Nilipomaliza kumsalimia tu, akaniambia: "Mwanangu, hiyo inataka baridi kali ilale kwanza, ndipo ichanue. Hapa utafuga majani." Tena inapenda udongo wenye unyevu na tindikali kidogo, na sisi mvua ikianza Desemba, Aprili imeshaaga. Angeweza kunipa mche wowote wenye majani marefu nikaondoka nacheka. Kuna mahali hapahapa mjini niliuziwa hivyo.

Akanionyesha airisi ya Afrika, Dietes iridioides kwa jina la kitaalamu. Ni ya ukoo uleule, na asili yake ni mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwemo. Mche shilingi 3,000. Ua lake ni jeupe, petali tatu za nje zina doa la manjano, na katikati kuna urujuani uliopauka ambao hauuoni mpaka uiname. Linafunguka asubuhi, linanyauka siku hiyohiyo. Usihuzunike, na hasa usikate kikonyo chake: kinachanua tena na tena, hata mwaka unaofuata. Mwambie na kijana anayekufyekea bustani, maana yeye akiona kikonyo kikavu mkono unamwasha.

Yangu nimeipanda upande wa mashariki wa nyumba, ipate jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kwenye udongo wetu mwekundu uliochanganywa na samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Kiangazi namwagilia jioni. Maji yakikatika inavumilia, na nimeipenda zaidi kwa hilo.

Nyota niliyoibana ni ya viriba. Ni vidogo mno, mizizi imejisokota humo ndani, kwa hiyo ifumue taratibu kabla ya kupanda. Miche pia haina vibao vya majina, lazima uulize.

Ukienda, rudi na bajaji, bodaboda itakuvunjia majani. Airisi ziko nyuma kabisa, chini ya wavu, karibu na pipa la maji.