Wiki sita za mandolini Louisville: dola 180 na nyuzi 96 za kusawazisha

Nimalize la bei kwanza, maana kila niliyemwambia ameniuliza hilo: dola 180 kwa vipindi sita, kila Jumanne saa moja hadi saa mbili usiku, kwenye chumba cha nyuma cha duka moja la gitaa huku Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani. Wanachoahidi ni kwamba ukitoka hapo utaweza kutunga solo yako mwenyewe ya mandolini, yaani zamu yako ya kuongoza melodia, kwa nyimbo za blugrasi (muziki wa ala za nyuzi wa huku Marekani) na zile za zamani za milimani wanazoziita oltaimu, badala ya kukariri solo ya mtu. Mimi ni mtu wa Mombasa, na marehemu ami yangu alikuwa akicharaza mandolini kwenye taarabu za harusi. Nikadhani nina mtaji. Wapi!

Darasa lilitangazwa kuwa la watu wanane, tukajikuta kumi na wawili. Mandolini ina nyuzi nane, jozi nne za noti G, D, A na E kama fidla, na uzi mmoja wa jozi ukilegea hata chembe, meno yanakufa ganzi. Piga hesabu mwenyewe. Jumanne ya kwanza tulimaliza kusawazisha saa moja na dakika ishirini na mbili. Mwalimu akatuliwaza kwa kisa cha Bill Monroe, baba wa blugrasi, aliyezaliwa 1911 Rosine, humu humu Kentucky. Alikuwa kitindamimba, fidla na gitaa zilikwishachukuliwa na kaka zake, yeye akaachiwa mandolini, na bado wakamtaka afunge nyuzi nne tu asiwapigie kelele. Nikasema moyoni, laiti na sisi tungefungiwa nne.

Kipindi cha pili ndicho kilichonizuia kudai pesa zangu. Hatukugusa chombo kwa nusu saa. Tuliimba “Old Joe Clark”, wimbo wa jadi usio na mwenyewe, tukauimba hadi yule mzee fundi bomba aliyekaa ubavuni mwangu, aliyeapa kwamba yeye haimbi, akawa ndiye anayetushinda kwa sauti. Kisha tukaambiwa: tafuteni mlichoimba, hicho tu, msiongeze kitu. Kwa kii ya A, yaani wimbo ukiwa na makao yake kwenye noti A, unaanza na uzi wa E ukiwa wazi, freti (vile vyuma vya shingoni unapobana uzi) ya pili, ya tatu, unarudi ya pili, wazi, unashukia uzi wa A freti ya tano, unatua ya nne. Noti saba. Ile ya freti ya tatu ni G ya kawaida, ambapo skeli ya A, ile ngazi ya noti uliyofundishwa shuleni, ingetaka G shapu, iliyo juu kwa freti moja. Ukiipandisha kwa mazoea, wimbo umekwisha ladha.

Huo ndio mfupa, nyama ikafuata. Freti ya nne hiyo ya kutua usiivamie. Teleza kutoka ya tatu. Ukishafika, gonga pamoja nayo uzi wa E ulio wazi, na kodi ya A, noti zinazolia pamoja (si kodi ya nyumba, ile tarehe moja inakuja yenyewe), itasikika kwa noti mbili tu. Na kwa kuwa sauti ya mandolini hufa upesi, noti ndefu itetemeshe kwa risha, kile kibao cha kupigia nyuzi, chini-juu, chini-juu.

Masikio yangu yamelelewa na taksim, upigaji wa kubuni papo kwa papo, ambapo mpiga udi hutembea anavyotaka na hakuna anayemhesabia. Huku umefungwa: wimbo una sehemu mbili, kila moja mara mbili, vipimo 32 vya mapigo na zamu yako imekwisha, na magitaa yanabadilisha kodi chini yako upende usipende. Wiki mbili nzima nilikuwa nikimaliza solo wakati mwenzangu ameshaanza yake.

Kipindi cha tano, cha oltaimu, sikukipenda. Kwenye oltaimu hakuna kupokezana solo; wote hupiga melodia kwa pamoja, raundi baada ya raundi, nyuma ya fidla. Sasa dakika arubaini za kutufundisha solo za muziki usio na solo zilikuwa za nini? Bora tungefundishwa kuinyatia fidla bila kuifunika. Pia hawatoi rekodi ya kwenda nayo nyumbani, ni karatasi za tarakimu za freti tu. Niliomba ruhusa nikarekodi kwa simu.

Jumanne ya mwisho tulikaa duara. Zamu yangu ilipofika noti saba zilitoka safi, nikateleza vizuri, halafu kichwa kikawa cheupe. Nikaangukia kwenye kukata kodi, yaani kuzigonga fupi fupi kwa mdundo, chaka, chaka, hadi fundi bomba akaipokea. Hakuna aliyenicheka, na mfupa nilikuwa nimeupata.

Kama hujui kabisa kushika risha, usianzie hapa. Mimi nimejiandikisha tena Septemba. Nitafika saa moja kasorobo, nyuzi zangu nane zishasawazishwa tangu nyumbani.