Twilight za mitumba: uhakiki wa muuza vitabu wa Tom Mboya

Kitabu kikuukuu hakina haja ya kuulizwa kimesomwaje. Kilaze mgongo juu ya kiganja, kiachilie, kitafunguka chenyewe pale kilipozoea kufunguliwa. Biblia nyingi ninazoletewa hufunguka Zaburi. Kitabu cha hesabu hufunguka kule nyuma kwenye majibu. Na Twilight, kitabu cha kwanza cha mfululizo wa mapenzi ya msichana Bella na Edward, vampaya yaani mnyonya damu, ambayo nimeipitisha mkononi mara nyingi hata nikaacha kuhesabu, hufunguka karibu mahali pale pale: Edward amesimama juani katikati ya msitu, ngozi inametameta kama aliyepakwa unga wa vioo, na kurasa chache mbele anakiri kwa Bella kwamba amekuwa akiingia chumbani mwake usiku kumtazama akilala.

Nauza vitabu kando ya barabara ya Tom Mboya, si mbali na Archives, jumba la kumbukumbu za taifa. Biashara yetu watu wa Nairobi wanaiita inama, kwa sababu mteja lazima ainame kuchagua. Huu ni mwaka wangu wa 14. Sikusoma fasihi chuoni wala siandiki magazetini, ila hakuna msomaji wa mfululizo huu ambaye sijamsikia: anayelia, anayetukana, na anayefanya yote mawili kwa pumzi moja.

Nimeshika kalamu kwa sababu ya mama mmoja wa wiki jana. Aliinua Eclipse, kitabu cha tatu cha mfululizo, kwa vidole viwili kama aliyeshika panya kwa mkia, akaniuliza kama sina aibu kuwauzia watoto wa watu vitabu vya mashetani. Hata hasira yake haijapoa kwenye hewa, msichana wa sare akainama akakitaka kitabu hicho hicho, na sarafu zake amezihesabu tangu nyumbani.

Kwa asiyejua tunazungumzia nini: Stephenie Meyer, Mmarekani wa Arizona na muumini wa kanisa la Mormoni, aliota ndoto mwezi wa Juni 2003 akaamka akaanza kuandika. Twilight ikatoka 2005, New Moon 2006, Eclipse 2007, Breaking Dawn Agosti 2008. Bella, wa miaka 17, anahamia Forks, mji mdogo wa mvua kule jimbo la Washington. Anampenda Edward, vampaya aliyekuwa karibu kufa kwa ile homa ya 1918 akiwa na miaka 17, na tangu hapo hajaongeza hata siku moja. Halafu kuna Jacob, anayegeuka mbwamwitu. Nakala zimeuzwa duniani kwa mamilioni kupita 100. Haya, tuingie ndani.

Yule mama wa vidole viwili simlaumu sana. Wazazi wa umri wake walikuwa watoto wa shule mwaka 1994, Rais Moi alipounda tume ya kuchunguza ibada ya shetani. Ukilelewa katika minong'ono ile, jalada jeusi la Twilight lenye mikono miwili myeupe imeshika tufaha jekundu ni ushahidi tosha. Hata kule kwao, chama cha maktaba cha Marekani kiliuorodhesha mfululizo huu mwaka 2009 kati ya vitabu kumi vilivyolalamikiwa zaidi. Lakini ningependa watu wakifungue kabla ya kukiombea. Hadithi haijaanza, unakutana na Mwanzo 2:17, ule mti wa ujuzi wa mema na mabaya. Na huyo shetani wao hakubali kulala na msichana mpaka wafunge ndoa. Bella ndiye anayemsihi, yeye anasema harusi kwanza. Nilipomweleza hivyo mama mmoja wa kanisa aliyekuja na wenzake, alinyamaza, akakohoa, akanunua viwili.

Nyanya yangu, aliyekulia Pumwani, yeye angewacheka wote. Wanyonya damu aliosimuliwa utotoni walikuwa wazimamoto na mumiani. Hao walikuwa na gari, walikuwa na ndoo, na watu waliamini wanalipwa na serikali ya mkoloni. Hawakumpigia mtu piano, na hakuna msichana wa Pumwani aliyetamani kufuatwa nyumbani na mzimamoto. Mimi nadhani ndiyo maana vampaya wa Meyer hawatishi wasomaji wangu hata kidogo. Kwao ni kijana tajiri wa Karen aliye na ngozi baridi.

Sasa nionyeshe kitu. Ninayo nakala moja ya Twilight iliyotoka shule ya bweni ambayo sitaitaja. Jalada limeshikwa na selotepu, na kwa ndani kuna orodha ya majina manane kwa kalamu ya bluu, kila jina na usiku wake, kama zamu ya kuosha bweni. Jina la tano limekatwa, pembeni wameandika: "alichelewesha siku mbili, asipewe Eclipse." Ukifungua pale Edward anapokiri kuja usiku, ukingo wote umejaa. Mmoja amechora moyo. Chini yake, mwandiko mwingine: "Huyu ni mwizi, pigeni nduru." Na chini kabisa, kwa penseli, herufi ndogo zilizolala upande mmoja: "Na kama angekuwa na sura mbaya?"

Nimesikia watu wazima wenye shahada wakieleza kwa nusu saa, wamesimama kwenye turubai langu, ubaya wa mfululizo huu kwa wasichana: unawafundisha kwamba anayekufuatafuata ndiye anayekupenda, kwamba wivu ni huba. Sibishi. Ni kweli kabisa, na ndilo kosa kubwa la Meyer, kwamba hajui au hataki kujua jinsi Edward angeonekana kwenye kituo cha polisi. Lakini hoja yao nzima ilishaandikwa kwa penseli na mtoto wa kidato cha tatu, kwa tochi, na bado akampa wa zamu inayofuata kitabu chake. Wasichana hawa huona shimo na bado wanapenda kuchungulia.

Kuhusu uandishi, Meyer si fundi wa sentensi. Tunaambiwa Edward ni mzuri, halafu tunaambiwa tena, na tukigeuza ukurasa uzuri uko pale unatungoja. Nilipata nakala kwa mwalimu mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akihama nyumba. Alikuwa ameisahihisha kwa wino mwekundu kama insha ya mtahiniwa: rudio hapa, kivumishi kimezidi pale, alama ya kuuliza kubwa. Wino unakoma kabla ya ukurasa wa 70. Mikunjo ya mgongo inaendelea mpaka mwisho.

New Moon ndicho ninachokipenda, na ndicho kilichonirudia mara nyingi kwa madai kwamba kimechapwa vibaya. Baba mmoja alikuja amevimba. "Mama, umeniuzia kitabu kibovu. Kurasa nne hazina kitu, zina jina la mwezi tu." Nikamfungulia. Edward amemwacha Bella, halafu Oktoba, Novemba, Desemba, Januari, kila mwezi na ukurasa wake mtupu, kwa sababu msichana hana la kusimulia. Yule baba akatazama zile karatasi moja moja. "Miezi minne?" Nikamwambia minne. "Na shule alikuwa anaenda?" Nikamwambia alikuwa akienda. Akakikunja kwenye gazeti akaondoka nacho. Mwandishi anayeweza kumfanya mzazi aulize swali hilo kwa karatasi tupu ana kipaji fulani, waseme watakavyo.

Eclipse nitaipita haraka, kwa kuwa ni mvutano wa Edward na Jacob toka mwanzo hadi mwisho. Makanga mmoja wa laini ya Kayole huisoma gari likingoja abiria, na yeye ni wa Jacob kufa na kupona. Kilichomkera ni pale Edward anapochomoa kitu kwenye injini ya gari la Bella ili asiende kumwona Jacob. "Anti, huyo jamaa akigusa gari la mtu huku, hata hizo meno hazitamsaidia." Baadaye Edward anampa dadake Porsche ya manjano ili amchunge Bella asitoke, na makanga wangu akacheka hadi abiria wakageuka. Kitu kidogo, alisema, lakini si kidogo.

Hao mbwamwitu nao wana jambo lao. Waquileute, kabila la Jacob, ni watu wa kweli, La Push ni kwao kweli, na wana masimulizi ya kale yanayowahusisha na mbwamwitu. Uadui na vampaya ni wa Meyer mwenyewe, amewabandika. Mwanafunzi mmoja Mmaasai aliyekuwa akinunua kitabu cha uhasibu alinisikia nikieleza hayo, akasema bila kuinua kichwa, "Kama sisi kwenye postikadi."

Breaking Dawn. Hapa ndipo urafiki huvunjika. Ni tofali la kurasa 700 na zaidi, na kule Marekani kilipotoka tu kuna mashabiki waliokirudisha dukani kwa hasira. Kwangu hali ni hiyo hiyo. Nakala nyingi zinazonirudia migongo yake imekunjika hadi harusini na fungate, kisha mimba, kisha kule kujifungua kwa kutisha, halafu ghafla karatasi ni safi kama zimetoka kiwandani. Watu hukiacha pale Jacob anapomtazama mtoto mchanga wa Bella na hapo hapo kufungamanishwa naye kwa maisha. Meyer anajitahidi kueleza kwamba si mapenzi ya namna hiyo, kwamba kwanza atakuwa kama kaka, mpaka mtoto akue. Kila anapoeleza ndivyo inavyozidi kunuka. "Hii ni kesi ya chifu," alisema msichana mmoja aliyekuwa kwenye kundi la Jacob miaka mitatu, akaniuzia seti yake yote siku hiyo, na fulana pia. Mimi naungana naye. Hilo si jambo la kutetewa.

Lakini jina la mtoto, hapo naomba nikae kidogo. Ulimwengu mzima ulimcheka Renesmee. Mama yake Bella ni Renée, mama wa Edward wa kulea ni Esme, wakayachanganya. Jina la katikati ni Carlie, yaani Carlisle, baba wa Edward, na Charlie, baba wa Bella. Nilikuwa nikicheka na mteja mmoja kutoka Murang'a, mwanamke mtu mzima, nikaona yeye hacheki. Akanieleza kwamba kwao binti wa kwanza huitwa kwa mama wa baba, wa pili kwa mama wa mama. "Sasa huyu anajua hatazaa tena. Nyanya wawili, guka wawili, mtoto mmoja. Angefanyaje?" Tangu siku hiyo siwezi kulicheka jina lile. Katika wahakiki wote niliowasikia, hakuna aliyemwelewa Bella kama yule mama.

Mwisho wa hadithi ni hafifu. Vampaya wanajipanga kwa vita sura baada ya sura, theluji, majeshi, kisha wanaongea na kila mtu anaenda nyumbani. Ni kama mkutano wa chama cha akiba uliotishiwa fujo.

Midnight Sun ni ile ile Twilight, sasa Edward ndiye anayesimulia. Sehemu yake ilivuja 2008, Meyer akakasirika akaiweka kando, hatimaye ikatoka Agosti 2020, na komamanga kwenye jalada. Wanaoinunua ni wanawake wenye mikoba ya ofisi. Huinama kwa haraka, wanaongea chini chini, na karibu wote wanamnunulia mtoto wa dada. Huwa sisemi kitu, nafunga kwenye gazeti. Kwa ukweli wangu, ni kitabu kilichopaswa kubaki kwenye droo. Tulipokuwa hatujui Edward anawaza nini kule dirishani, tungeweza kujaza wenyewe. Sasa tunajua, na anawaza hayo hayo kwa kurasa zaidi ya 600.

Kwa anayetaka kununua, kwangu au kwa mwingine: chunga nakala zilizochapwa kichinichini. Tufaha lake lina rangi ya karoti, maandishi yanapanda kilima, na niliwahi kukuta New Moon ambayo zile kurasa nne za miezi zimeachwa kabisa ili kubana karatasi. Aliyefanya hivyo alitoa moyo wa kitabu akidhani ni mafuta.

Bei zangu: Twilight 300, New Moon 250, Eclipse 250, Breaking Dawn 350 kwa uzito wake, Midnight Sun 700 ikipatikana. Ile ya majina manane siuzi, msiniulize. Ukichukua vinne vya kwanza kwa pamoja tutaelewana. Na Breaking Dawn hairudishwi.