Betri mpya ya baiskeli ya umeme: niliyoirudisha na niliyobaki nayo

Baiskeli yangu haina shida nyingine ila betri. Ni ya volti 36, imenitumikia vizuri kwa miaka, lakini siku hizi ikikuta mlima inakata ghafla huku taa zake zikionyesha bado ina nusu. Hiyo ni dalili ya seli (vibetri vidogo vilivyomo ndani) zilizochoka. Zikiwa zimetulia zina volti za kutosha, ila ukizidai nguvu volti zinaporomoka na bodi ya ulinzi, ile tunayoiita BMS, inafunga umeme. Ikabidi nitafute nyingine. Nimepitia betri mbili za wauzaji wawili, na kwa macho hungeweza kuzitofautisha kwa ubora: zote kava safi, stika inayong'aa, chaja ndani ya boksi.

Ya kwanza iliandikwa volti 36, ampea-saa 20 (hicho ndicho kipimo cha umeme inaobeba). Kabla ya kugusa plagi yoyote niliiweka kwenye mizani, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Betri nyingi za baiskeli hujazwa seli za duara. Ile inayoitwa 18650 ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, uzito wake ni gramu 45 hadi 50, na hata iliyo bora hubeba takriban ampea-saa 3.5. (Ukiona 18650 imeandikwa 9,900 mAh, yaani ampea-saa 9.9, usihangaike kuuliza zaidi. Haipo.) Kaka yake mkubwa, 21700, ana gramu kama 70 na hubeba kama ampea-saa 5. Betri ya volti 36 hupanga vikundi 10 mfululizo, na kila kikundi huwa na seli kadhaa sambamba ili kuongeza ampea-saa. Kufikia 20 unahitaji seli 60 za 18650, au 40 za 21700. Upite njia yoyote, seli peke yake zitafika karibu kilo 2.8, hapo bado kava, nyaya na BMS.

Mizani ilisoma kilo 2.1 kwa kila kitu. Toa nusu kilo ya kava na vifaa vyake, zinabaki gramu 1,600, ambazo ni seli thelathini na kitu. Seli 30 ni tatu kwa kila kikundi. Hiyo ni betri ya ampea-saa 10, tena kama seli zenyewe ni nzuri. Nusu ya kilichoandikwa.

Nilimwandikia muuzaji. Akajibu kwamba seli zake ni za teknolojia mpya ndiyo maana ni nyepesi. Nikamuomba aina ya seli na namba ya modeli, hakuleta. Nikamuomba muhtasari wa jaribio la UN 38.3, akanijibu kuwa betri ina alama ya CE, ile ya soko la Ulaya. Haya ni mambo mawili tofauti kabisa. UN 38.3 ni majaribio ya usalama wa usafirishaji: mtikisiko, kupigwa shoti, joto, shinikizo dogo la hewa. Tangu Januari 2020 watengenezaji na wasambazaji wanatakiwa kuutoa muhtasari huo ukiombwa. Alama ya CE kwenye bidhaa kama hii mara nyingi mtengenezaji huibandika mwenyewe kwa tamko lake. Kinachonipa imani zaidi ni kupimwa na maabara huru kwa viwango vya usalama wa betri kama UL 2271 au EN 50604-1, kukiwa na namba ya cheti ninayoweza kuihakiki kwa waliokitoa. Betri nikairudisha bila kuichaji hata kidogo. Pesa zilirudi baada ya kuvutana sana, na picha ya mizani ndiyo iliyomnyamazisha.

Nilikuwa mkali hivyo kwa sababu moto wa betri za lithiamu kama hizi hauna mfano. Seli moja ikichemka kupita kiasi huichemsha jirani yake, moshi wake una sumu, na chumba kinaweza kujaa kabla hujaamka. Jijini New York, mwaka 2023 pekee, idara ya zimamoto ilihesabu matukio 268 ya moto wa betri hizi na vifo 18. Mwaka huohuo, kuanzia Septemba, jiji likapiga marufuku kuuza betri za baiskeli za umeme zisizo na cheti cha UL 2271. Muuzaji anayekudanganya kuhusu ampea-saa, utamwaminije kuhusu BMS usiyoweza kuiona?

Muuzaji wa pili alikuwa mtu wa aina nyingine. Kabla ya kulipa alinitumia modeli ya seli, mpangilio wake (vikundi 10 vya seli nne nne), muhtasari wa UN 38.3, na ampea ambazo BMS inazimudu muda wote. Hilo la mwisho wengi hawaliulizi. Kontrola yangu, kile kifaa kinachopeleka umeme kwenye mota, huvuta hadi ampea 15 na BMS hii ni ya 20. Ingekuwa kinyume, ingekuwa inakata kila mlima, na hicho ndicho nilichokuwa nakikimbia. Aliandika ampea-saa 14, mizani ikasema kilo 2.6. Seli 40 ni karibu kilo 1.9, zikibaki gramu 700 za kava na mengineyo. Hesabu imekubali. Boksi lilikuwa na lebo ya UN3480 inavyotakiwa kwa betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake.

Ilipofika niliinusa kwanza. Harufu tamutamu kama ya kiyeyushio cha rangi ni dalili kwamba seli inavuja, na betri ya namna hiyo haiingii ndani ya nyumba. Hii haikuwa na harufu, haikuwa na mbonyeo, na nilipoitikisa hakuna kilichogonga ndani. Kisha multimita, yaani kipima umeme, kwenye volti za DC, kipimo cha 200. Angalieni sana waya mwekundu: uwe kwenye tundu lenye alama ya V. Ukiuacha kwenye tundu la 10A kisha ukagusa ncha za betri, umeipiga shoti kwa mkono wako. Ilisoma volti 36.4 bila alama ya kutoa mbele, yaani chanya na hasi ziko mahali pake. Usipolihakiki hili kabla ya kuchomeka, plagi iliyogeuzwa inaweza kuiua kontrola papo hapo. Betri mpya huja na chaji kidogo, si imejaa, kwa hiyo 36.4 ilinitosheleza. Ingekuja na volti 20, yaani mbili tu kwa kila seli, nisingeichaji hata kwa kubembelezwa.

Chaja nayo niliipima peke yake: 42.0, ndizo volti za betri ya 36 ikijaa. Za betri ya volti 48 hutoa 54.6, na plagi zinaweza kufanana kabisa, hivyo kama nyumbani kuna baiskeli mbili ziandikeni chaja kwa kalamu nene. Mara ya kwanza niliichaji juu ya sakafu ya saruji, mbali na mlango wa kutokea, nikiwa macho, nikiigusa kila baada ya muda. Ilipata uvuguvugu tu. Ilipojaa ilisoma 41.9, na baada ya siku kadhaa bila kutumika ilikuwa 41.7. Ingeshuka hadi 40 na kitu ikiwa imekaa tu, ningejua kuna kikundi kinachojimaliza chenyewe.

Kwa uwezo, niliiendesha hadi ikakata, nikaichaji kupitia mita ya wati ya ukutani. Ilichukua wati-saa 530. Ukitoa sehemu ya kumi hivi inayopotea kama joto kwenye chaja, zinabaki karibu 477. Stika inaahidi 504 (36 mara 14), na kontrola hukata kabla seli hazijaisha kabisa, kwa hiyo naiita ahadi iliyotimizwa. Mlimani haikati.

Sina raha na mambo mawili. Reli yake inacheza kidogo kwenye fremu, nimelazimika kubana kwa vipande vya mpira. Na kifuniko cha tundu la chaji ni laini mno, mvua ikipiga kwa ubavu naona maji yanaweza kuingia. Muuzaji ameambiwa, na amekubali kuniletea kifuniko kingine.

Kuna walionishauri nimpe fundi betri ya zamani aisuke upya. Kwa fundi mwenye mashine ya kuchomelea vijibati vya nikeli na seli mpya za kundi moja, sipingi. Anayeokoteza seli za kompyuta za zamani na kuziunga kwa risasi ya kuyeyusha (solda), huyo mwepukeni kabisa.

Ile ya zamani nimeiziba ncha zake kwa utepe wa umeme na kuiweka nje, chini ya paa, mbali na ukuta wa mbao, ikingoja kupelekwa wanakopokea taka za elektroniki. Msiitupe kwenye pipa la kawaida: lori la taka hubana mzigo, na betri ikibanwa huweza kushika moto humohumo, wanaolifanyia kazi wakiwapo.